Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Tzu Chi, shirika la hisani la Wabudha wa Taiwan

Tzu Chi ilianza mwaka 1966 mashariki mwa Taiwan, na hadi leo misaada yake imefika katika nchi zaidi ya 100, za Afrika zikiwemo. Hata hivyo wengi huisikia kwa mara ya kwanza pale wanapowaona wageni wenye mashati ya buluu na suruali nyeupe wakiwainamia watu wanaowapa mchele. Hapo ndipo maswali huanza. Haya ni yale yanayojirudia zaidi, na yamepewa namba ili jibu moja lisirudiwe mara tatu.

## Mambo ya msingi

1. Tzu Chi ni nini hasa?

Ni shirika la hisani lililoanzishwa na mtawa wa kike wa Kibudha, Cheng Yen, katika mji wa Hualien. Lenyewe hugawa kazi zake katika mafungu manne: hisani, tiba, elimu na utamaduni wa utu. Zaidi ya hayo kuna misaada ya maafa nje ya nchi, uchangiaji wa uboho, huduma za kujitolea mitaani na utunzaji wa mazingira. Tangu 2010 lina hadhi maalumu ya ushauri katika Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa.

Ukiondoa lugha ya ofisini, ni mtandao mkubwa wa watu wa kujitolea ambao, kwa miaka, wamejikuta wana hospitali kadhaa, chuo kikuu, kituo cha televisheni na maghala yaliyojaa blanketi.

2. Cheng Yen ni nani?

Alizaliwa mwaka 1937 huko Qingshui, Taichung. Mwaka 1960 baba aliyemlea alifariki ghafla, na msiba huo ukamfanya aanze kuuliza maswali ambayo maisha ya nyumbani hayakuweza kuyajibu. Aliondoka kwao, akajinyoa nywele mwenyewe hata kabla hajapata mwalimu wa kumwingiza rasmi katika utawa. Mwaka 1963 mtawa msomi aliyeheshimika sana, Yin Shun, alimkubali kuwa mwanafunzi wake, akampa agizo fupi: afanye kazi kwa ajili ya dini ya Buddha na kwa ajili ya viumbe vyote vyenye uhai.

Wafuasi wake humwita Mwalimu. Alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 1991. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba shirika lake linafanya kazi dunia nzima ilhali yeye mwenyewe hajawahi kutoka nje ya Taiwan. Taarifa humfuata Hualien.

3. Shirika lilianzaje?

Kuna visa viwili, vyote vya mwaka 1966. Cha kwanza: Cheng Yen alikwenda kumjulia hali mgonjwa katika zahanati moja, akaona damu sakafuni. Akaambiwa ni ya mama wa jamii ya wenyeji wa milimani, aliyeharibikiwa mimba na kurudishwa kwa kuwa nduguze hawakuwa na fedha za kutanguliza. Simulizi hii ilikuja kubishaniwa mahakamani miongo kadhaa baadaye, kwa hiyo ichukuliwe kama kumbukumbu ya mwanzilishi, si kama ripoti ya polisi.

Kisa cha pili hakina ubishi, na kwa maoni yangu ndicho kizito zaidi. Masista watatu wa Kikatoliki walimtembelea kuzungumza naye habari za dini. Wakamwuliza: Wabudha mnasema sana juu ya huruma, lakini shule zenu ziko wapi? Hospitali zenu ziko wapi? Aliona kwamba Wabudha wengi walikuwa wakitoa, ila kila mmoja kivyake na kimyakimya. Kilichokosekana ni mpango. Akapiga hesabu yake: Guanyin, bodhisatva wa huruma (mtakatifu wa Kibudha aliyeahidi kuwaokoa viumbe wote), huchongwa akiwa na mikono elfu na macho elfu. Watu 500 wakikusanyika, mikono hiyo na macho hayo yamepatikana.

4. Vibubu vya mianzi vinavyotajwa kila mahali ni vya nini?

Ndiyo mfuko wa kwanza wa shirika. Cheng Yen na watawa wachache waliokuwa naye walikuwa wakijikimu kwa kushona viatu vya watoto wachanga. Wakakubaliana kila mmoja aongeze jozi moja kwa siku, na jozi moja iliuzwa dola 4 za Taiwan. Kisha akina mama wa nyumbani wapatao 30 wakapewa kila mmoja kipande cha mwanzi kilichotobolewa, wadumbukize senti 50 kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni.

Kuna waliouliza kwa nini wasilete dola 15 kwa mkupuo mwisho wa mwezi, wasumbuke mara moja tu. Kwa hesabu ya fedha walikuwa sahihi. Lakini akakataa, kwa sababu anayetoa mara moja kwa mwezi anakuwa na moyo wa kutoa siku moja kati ya 30. Alitaka mama afungue mkono kila siku, na afikapo sokoni aeleze wenzake kwa nini amepunguza senti 50 kwenye kapu lake. Ukilielewa jambo hili, mengi yanayofuata hayatakushangaza: shirika hili limebuniwa kumfunza mtoaji kama lilivyobuniwa kumsaidia mhitaji.

5. Watawa wanaishi kwa fedha za michango?

Hapana. Watawa wa makao ya Jing Si, Hualien, hujitegemea: wamelima, wameshona, wametengeneza mishumaa na unga wa nafaka wa kuuza. Michango ya umma haiingii jikoni kwao.

6. Lazima niwe Mbudha ili nisaidiwe?

Hapana, na hakuna mahubiri yanayotangulia chakula. Kwa miaka mingi Tzu Chi ya Indonesia imekuwa ikiisaidia Nurul Iman, shule kubwa ya bweni ya Kiislamu huko Parung, Bogor. Mjini Istanbul walisaidia kuanzisha shule ya watoto wakimbizi wa Syria, iitwayo El Menahil, na aliyekuwa mstari wa mbele kwenye kazi hiyo ni Mwislamu kutoka Taiwan aliyehamia Uturuki. Kuhusu wasio Wabudha kujiunga kama watoaji, tazama swali la 12.

## Jinsi msaada unavyofika

7. Kwa nini anayetoa ndiye anayeinama na kusema asante?

Hakuna swali linaloulizwa kuliko hili.

Katika mafundisho ya Kibudha, kutoa ni zoezi la kuulegeza ubinafsi. Anayehitaji ndiye anayekupa nafasi ya kulifanya zoezi hilo. Bila yeye, huruma yako inabaki maneno matupu. Kwa hiyo deni la shukrani liko kwa mtoaji. Wanafundishwa pia kuvisahau vitu vitatu mara baada ya kutoa: nani alitoa, nani alipokea, na kilichotolewa kilikuwa nini. Sisi tuna methali ya tenda wema wende zako, usingoje shukrani. Hawa wameongeza hatua moja kabla ya kwenda: shukuru wewe.

Kwenye foleni inakuwa hivi. Mzee anafika mezani na karatasi yake ya usajili. Aliye upande wa pili anasimama, anaishika bahasha kwa mikono miwili, anainama kutoka kiunoni mpaka mgongo unalala karibu sawa na meza, kisha anainuka na kumkabidhi akimtazama usoni. Anashukuru. Mzee alikuwa ameandaa asante yake, na sasa imechukuliwa mdomoni mwake. Wengine hucheka, wengine hutokwa na machozi, wengi nao huinama. Halafu anafuata wa pili, na kiuno kinakunjwa tena, hivyo hivyo mpaka watu waishe.

Je, inaweza kugeuka mazoea matupu? Inaweza, kama salamu yoyote. Lakini jaribu kumdharau mtu uliyemwinamia muda huo huo. Mwili unakataa kabla ya akili.

8. Kwa nini hawaipi serikali au shirika jingine misaada igawiwe?

Wanazo kanuni tano za ugawaji: msaada uende moja kwa moja, uanze na walioumia zaidi, utolewe kwa heshima, uwe wa kufaa, na uwahi. Ukipitisha mkono wa mtu mwingine, ya kwanza na ya tatu zinapotea. Ndiyo maana watu wao huingia vijijini kuorodhesha kaya kabla ya siku ya ugawaji, mlango kwa mlango.

Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011 nchini Japani, waliwapelekea waathirika fedha taslimu mkononi, kati ya yeni 30,000 na 70,000 kwa kaya kulingana na idadi ya watu. Japani ni nchi tajiri, na wapo waliohoji kama msaada huo ulikuwa na maana. Ulikuwa nayo: mtu ambaye nyumba, gari na kadi ya benki vimechukuliwa na maji anahitaji noti mfukoni wiki hiyo, hata kama bima itamlipa baadaye.

9. Ni kweli waliwalipa waathirika kufanya usafi wa mtaa wao wenyewe?

Kweli, mjini Tacloban, Ufilipino, baada ya kimbunga Haiyan cha Novemba 2013. Mji ulikuwa umefunikwa na vifusi, miti na mabati, maduka yamefungwa, na wenye uwezo wa kuondoka walikuwa wakiondoka. Tzu Chi ilitangaza kazi: njoo na koleo, safisha mtaa wako, jioni upokee peso 500, kiasi kilichozidi kwa mbali ujira wa kawaida wa kibarua wa pale.

Hesabu yake ni nzuri kuliko inavyoonekana. Barabara zilifunguka, malori ya misaada yakapita. Watu wenye fedha mkononi walimrudisha muuza mboga sokoni. Na aliyekuwa amekaa juu ya kifusi cha nyumba yake akiwaza waliokufa alipata sababu ya kuamka asubuhi na wenzake. Miradi ya namna hii ipo kwa mashirika mengine pia. Tofauti hapa ilikuwa ukubwa wa malipo. Kama kusudi ni kuuamsha mji, kulipa kidogo ni kujipunja.

10. Zaidi ya fedha, wanaleta nini?

Mchele, mafuta ya kupikia, mbegu, vyombo, blanketi (tazama swali la 20), na vitu viwili walivyovibuni wenyewe. Kimoja ni mchele mkavu unaoiva kwa kumwagiwa maji ya moto, na hata ya baridi ukiwa na subira, kwa kuwa penye mafuriko kuni hazipatikani. Cha pili ni kitanda cha plastiki kinachokunjwa na kubebwa kama begi, kilichobuniwa baada ya mafuriko ya Pakistani ya 2010, walipoona watoto wachanga wamelazwa kwenye ardhi yenye maji.

11. Wakishagawa wanaondoka?

Inategemea. Mara nyingi ndiyo, kama hakuna tawi karibu. Penye tawi hukaa miaka. Baada ya tetemeko kubwa la Septemba 21, 1999 nchini Taiwan, walijenga upya shule 51. Mjini Jakarta, mafuriko ya 2002 yaliwapeleka kwenye kingo za mto Angke, ambako vibanda vilisimama juu ya maji yaliyoziba kwa taka. Walisaidia kusafisha mto, na mwaka uliofuata familia za pale zikaanza kuhamia nyumba za ghorofa huko Cengkareng, zenye shule na zahanati.

## Watu wa kujitolea

12. Nani anaweza kujiunga?

Mtu yeyote, wa dini yoyote au asiye na dini. Wapo Waislamu, Wakristo na Wahindu. Wengi ni watu wa kawaida kabisa: mama mwenye duka, fundi, mwalimu mstaafu, daktari, mwanafunzi, na pia tajiri mwenye kiwanda anayepangiwa kazi ya kufagia. Anayetaka kuwa mwanachama kamili hupitia mafunzo ya takriban miaka miwili, akifanya kazi huku akijifunza. Anayetaka kusaidia Jumamosi tu, karibu Jumamosi.

13. Wanalipwa?

Hapana. Zaidi ya hapo, anayekwenda nje ya nchi kwenye maafa hujilipia nauli na malazi, na siku zake zinakatwa kwenye likizo yake ya kazini. Hospitali na ofisi zina waajiriwa wenye mishahara, kama inavyopaswa. Huwezi kuendesha chumba cha upasuaji kwa kujitolea.

14. Kwa nini sare?

Kwanza, kwenye maafa watu wajue ni nani wa kumwuliza. Pili, shati likishafanana, tajiri na kibarua hawatofautishwi. Wageni huvaa kijivu, na wenye muda zaidi huvaa buluu iliyokoza na suruali nyeupe. Suruali nyeupe kwenye tope la mafuriko ni uamuzi ambao sijawahi kuuelewa, lakini hawabadilishi.

15. Zile kanuni kumi wanazozifuata wanachama ni zipi?

Tano za mwanzo ni za Wabudha wote: usiue, usiibe, usizini, usiseme uongo, usinywe pombe. Nyingine Cheng Yen aliziongeza kwa kutazama maisha ya watu wa Taiwan: kuacha sigara, dawa za kulevya na tambuu, kuacha kamari na michezo ya kubahatisha, kuwaheshimu wazazi na kuwa mpole wa maneno na sura, kufuata sheria za barabarani, na kutojiingiza kwenye siasa wala maandamano.

Ya barabarani huwachekesha watu. Lakini nchini humo pikipiki zimejaa kila kona, na mtu anayekwenda kumhudumia mgonjwa bila kofia ya usalama ni mgonjwa mtarajiwa. Huruma inayoanzia kwenye mkanda wa gari ina akili kuliko ile inayosubiri ajali.

16. Lazima niache nyama?

Kwenye shughuli za shirika chakula hakina nyama, hakuna mjadala. Nyumbani kwako unahimizwa, hulazimishwi. Kwa wanaotaka kuwa wanachama kamili msisitizo huongezeka.

## Hospitali, uboho na miili

17. Kwa nini Wabudha walijenga hospitali, tena Hualien?

Kwa sababu baada ya miaka ya kugawa mchele waliona mduara: mtu anaugua, anauza shamba atibiwe, anafilisika, anarudi kwenye foleni ya mchele. Hualien ilitengwa na miji mikubwa kwa safu ya milima, na mgonjwa mahututi angeweza kufia njiani.

Ujenzi ulikuwa mgumu. Jiwe la msingi liliwekwa 1983, ardhi ikatwaliwa kwa matumizi ya jeshi, likawekwa tena 1984 mahali pengine. Shirika husimulia kwamba tajiri mmoja wa Kijapani alijitolea kulipa dola milioni 200 za Marekani, Cheng Yen akakataa, akitaka hospitali ijengwe na watu wengi wenye kidogo kidogo (sababu iko kwenye swali la 4). Milango ilifunguliwa Agosti 17, 1986, na tangu siku hiyo mgonjwa hakutakiwa kutanguliza fedha ili alazwe. Kumbuka kwamba bima ya afya ya taifa nchini Taiwan ilianza 1995, kwa hiyo kwa karibu miaka tisa uamuzi huo ulikuwa na gharama halisi.

18. Benki ya uboho inafanyaje kazi?

Hadi 1993 sheria ya Taiwan iliruhusu kutoa uboho kwa ndugu wa karibu tu. Sheria ilipobadilishwa mwaka huo, Tzu Chi ilianzisha daftari la watoaji. Kujisajili ni kutoa sampuli ndogo ya damu ili vinasaba vya tishu yako vijulikane, kisha kusubiri, pengine milele. Ukilingana na mgonjwa, unaitwa. Siku hizi mara nyingi seli shina huchujwa kutoka kwenye damu ya mkononi, si kutoka kwenye mfupa wa nyonga. Mtoaji na mpokeaji hawajuani, na kukutana, kama wote wakikubali, hufanyika baada ya mwaka au zaidi.

Kinachowaumiza wahudumu ni mtu aliyejisajili kwa furaha halafu anakataa siku ya kuitwa, mara nyingi kwa sababu ya hofu ya wazazi wake. Ndiyo maana huenda nyumbani kukaa na familia, kueleza, kujibu, kurudi tena. Usijisajili kama huna uhakika.

19. "Walimu wa kimya" ni akina nani?

Ni watu walioandika wosia kwamba wakifa, miili yao itumiwe na wanafunzi wa udaktari wa Tzu Chi. Kwa Wachina wengi wa kale, mwili ulipaswa kurudi ardhini ukiwa mzima, kwa hiyo vyuo vya tiba Taiwan vilitegemea sana maiti zisizo na wenyewe. Chuo cha tiba cha Tzu Chi kilipoanza mwaka 1994, Cheng Yen aliwaomba wafuasi wake wafikirie upya, na watu wakajitokeza.

Kabla ya kisu chochote, wanafunzi huenda nyumbani kwa marehemu. Wanakaa na mjane, wanaonyeshwa picha, wanaambiwa alikuwa anapenda kuimba au alikuwa mkali kwa wajukuu. Wanaandika wasifu wake, na wasifu huo huwekwa karibu na meza atakapolala. Kozi ikiisha, wanarudisha kila kiungo mahali pake na kuushona mwili, sindano kwa sindano, hata sehemu ambazo hakuna atakayeziona. Wanauvisha nguo nyeupe, wanaulaza kwenye jeneza, wanalibeba wenyewe pamoja na ndugu. Sehemu ya majivu hubaki chuoni kwenye chombo cha kioo.

Watoaji wengi walikuwa wakisema afadhali mwanafunzi akosee mara nyingi juu yao kuliko mara moja juu ya mgonjwa aliye hai. Mtu anaweza kubishana na mengi katika shirika hili, lakini sijaona njia bora ya kumfundisha daktari kwamba kilicho mezani ni mtu.

## Taka

20. Kuokota chupa kunahusiana nini na huruma?

Agosti 1990 Cheng Yen alipita sokoni Taichung asubuhi, akakuta taka zimetapakaa. Siku hiyo alihutubia, watu wakampigia makofi, naye akawaambia mikono hiyo inayopiga makofi waitumie kuokota na kutenganisha taka. Wakaanza. Leo kuna maelfu ya vituo, na waliojaa humo ni wazee.

Kazi yenyewe ni hivi: kifuniko kinafunguliwa, pete ya shingoni inakatwa kwa kisu kidogo, karatasi inabanduliwa, chupa inakanyagwa, kisha inawekwa penye wenzake kwa rangi, angavu huku na kijani kule. Kukosea rangi ni kuharibu nyuzi. Chupa angavu husagwa, huyeyushwa na kufumwa kuwa blanketi za kijivu zinazopelekwa kwenye maafa. Blanketi moja hula takriban chupa 70. Fedha za kuuza karatasi na vyuma husaidia kuendesha televisheni ya shirika, Da Ai, iliyoanza 1998.

Faida kubwa haiko kwenye mizani. Bibi wa miaka 80 ambaye watoto wake wamehamia Taipei ana mahali anaposubiriwa asubuhi, na akikosekana mtu hugonga mlango wake.

## Fedha na lawama

21. Fedha zinatoka wapi?

Kwenye michango midogo ya kila mwezi ya watu wengi, michango mikubwa ya wenye viwanda, na wosia. Kwa desturi wanachama walipita nyumba kwa nyumba kukusanya, wakitumia nafasi hiyo kujua nani ameugua na nani amefiwa.

22. Shirika limewahi kulaumiwa?

Ndiyo, na vizuri. Kubwa zaidi ni mradi wa ujenzi kwenye eneo la hifadhi huko Neihu, Taipei. Watetezi wa mazingira na wakazi walisema ardhi ile haifai kujengwa, tena na shirika linalohubiri kutunza dunia. Mwaka 2015 mjadala ukawa mkali, ukafika kwenye madai ya hesabu za fedha kuwekwa wazi zaidi, na Tzu Chi ikauondoa mradi.

Lawama nyingine ni ndogo lakini za haki: heshima kwa mwanzilishi inayokaribia kufunga midomo, na kamera. Wana kundi zima la watu wa kujitolea wa kupiga picha kila tukio. Kumbukumbu ni nzuri, ila mtu aliyepoteza nyumba jana hapaswi kulengwa na lenzi tatu wakati anapokea blanketi, hata kama anayemkabidhi ameinama.

23. Wanaegemea upande gani kisiasa?

Kanuni ya kumi inawakataza (swali la 15). Hilo liliwagharimu mwaka 1991 walipopeleka misaada China bara baada ya mafuriko. Taiwan wengi waliuliza kwa nini fedha zao ziende kwa hasimu wao. Wamepeleka pia mchele Korea Kaskazini. Nyumbani, mwaka 2021 wakati chanjo za korona zilipokuwa adimu, walinunua dozi milioni 5 za BioNTech na kuikabidhi serikali, sambamba na kampuni za TSMC na Foxconn zilizonunua zao. Kutokuwa na siasa kwenye mambo kama hayo ni rahisi kutamka tu.

## Maswali ya pembeni

24. Wako Afrika?

Ndiyo, hasa kusini. Afrika Kusini walianza miaka ya 1990 kupitia wafanyabiashara wa Taiwan waliokuwa na viwanda vya nguo. Karibu na Durban, akina mama wa Kizulu walipewa cherehani na vitambaa vilivyobaki viwandani, wakajifunza kushona. Waliopata kipato wakaanza kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI na mayatima, kwa mguu, kutoka kilima hadi kilima. Hakuna aliyewatuma.

Msumbiji ni hivyo hivyo: wengi ni wanawake wa pale pale, Wakristo na Waislamu, ambao walikuwa wakitembelea wazee mitaani kabla ya kimbunga Idai kupiga Beira Machi 2019. Baada ya kimbunga, shirika liligawa chakula, zana na mbegu mkoani Sofala, kisha likaingia kwenye ujenzi wa nyumba na shule.

25. Kile kituo cha watoto Malawi, wanakojifunza Kichina na kung fu, ni cha Tzu Chi?

Hapana. Hicho ni Amitofo Care Centre, kilichoanzishwa na mtawa mwingine kutoka Taiwan, Hui Li. Wote ni Wabudha, lakini ni mashirika mawili tofauti yenye namna tofauti za kufanya kazi. Lawama au sifa za kimoja usimpelekee mwenzake.

26. Aliyesaidiwa anaweza naye kutoa, hata kama hana kitu?

Anahimizwa, na hapa wapo wanaokunja uso: iweje maskini aombwe? Nchini Myanmar, baada ya kimbunga Nargis cha 2008, wakulima waliopewa mbegu walianza kuweka konzi ya mchele kila siku kabla ya kupika, kwa ajili ya jirani mwenye shida zaidi. Hakuna anayepima wala kuandika majina. Ikigeuzwa sharti la kupata msaada, itakuwa dhuluma. Ikibaki hiari, inamwondoa mtu kwenye kundi la wanaopewa tu, na wengi waliopitia maafa watakwambia kundi hilo linachosha kuliko njaa.

27. Ninapoishi hakuna tawi. Nifanyeje?

Unaweza kuwaandikia walio nchi ya jirani, lakini usisubiri barua. Mama wa Durban na wa Msumbiji walianza bila ofisi: walijua mgonjwa yupo nyumba ipi, wakaenda wawili wawili, wakafua, wakachota maji. Nenda na mwenzako, si peke yako. Mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kuingia, na usipige picha.